Mtoto wa Njiro Hakufika Pwani

Bahari iliko ndiko mito iendako. Methali hii hunenwa pwani kila siku, lakini ni wachache waliowahi kuifuata kwa njia yake. Mto Themi huanzia katika miteremko ya Mlima Meru, hukatiza jiji la Arusha, hupita jirani na nyumba za Njiro, kisha huingia Kikuletwa. Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na yatokayo bwawani humo hushuka kwa jina la Pangani hadi Bahari ya Hindi, penye mji wa jina hilohilo. Maji yanayopita karibu na kitanda cha mtoto mchanga wa Njiro yanaijua njia ya pwani kabla mtoto huyo hajajua kukaa. Walioisahau ni watu wazima wake.

Kila Disemba, shule zinapofungwa na kaskazi inapovuma, familia nyingi za Njiro huteremka baharini. Wengine hupanda ndege ndogo uwanja wa Kisongo na baada ya saa moja na kitu wako Unguja. Wengine hushika barabara ya Moshi, Same na Korogwe wakaishia Tanga, au wakaendelea hadi Dar es Salaam na kuvuka kwa boti. Katika mizigo na mabegi yumo mtoto wa miezi minne au mitano, anayekwenda kuonyeshwa bahari kwa mara ya kwanza. Safari yenyewe haina ubaya. Ubaya umo katika namna ya kufika.

Njiro si mtaa kama mitaa mingine. Arusha ndiyo makao makuu ya biashara ya kutembeza wageni Tanzania, na wengi wa wakazi wake hula kwa biashara hiyo: madereva, waongozaji, mawakala, wenye magari na wenye hoteli. Kwa miaka mingi wamemwuzia mgeni bidhaa ileile: wanyama kwanza, bahari baadaye. Serengeti na Ngorongoro ndizo mlo, Zanzibar ni tunda la kusafishia kinywa. Katika bidhaa hiyo pwani haina watu. Ina mchanga mweupe, mnazi ulioinama na tanga la ngalawa wakati wa machweo. Sasa zamu ya mwuzaji imefika, amepata mtoto wa kwanza, anataka kupumzika. Naye ananunua bidhaa ileile aliyoiuza, kwa macho yaleyale aliyomfundisha mgeni kuyatumia. Mwuza picha amenunua picha yake mwenyewe. Na mtoto, ambaye maneno ya kwanza atakayotamka yumkini yatakuwa ya lugha iliyozaliwa katika pwani hii, anajulishwa kwayo akiwa mtalii.

Watetezi wa jambo hili wana jibu lao, nalo husemwa kwa kujiamini: mtoto wa miezi mitano haoni wala hakumbuki, safari ni ya wazazi, mama amechoka, mwacheni apumzike. Kuhusu uchovu wa mama hakuna mwenye ubishi. Mwanamke aliyezaa juzi anastahili zaidi ya godoro la kando ya bahari. Lakini hilo la kutokukumbuka ni hoja dhaifu. Mtoto hakumbuki chanjo aliyodungwa, ilhali mwili wake unaikumbuka. Mwili hufika kabla ya akili. Na ni katika mwili wa mtoto ndipo ile picha isiyo na watu huanza kuleta madhara.

Chukua mathalani suala la mbu. Arusha iko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huifanya malaria kuwa ugeni kwa nyumba nyingi. Mtoto aliyezaliwa huko hana kinga yoyote ya kuzoea ugonjwa huo, na nyumbani kwao huenda chandarua hakijatundikwa mwaka mzima. Mkoani Tanga, kuanzia mjini hadi Pangani, malaria haijahama. Unguja na Pemba wameipiga vita kwa vyandarua, kwa kupuliza dawa na kwa kupima watu, hata maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka tena visiwani. Bango la matangazo halina mbu. Kwa sababu hiyo kamera hukumbukwa na chandarua hubaki kabatini.

Kibaya zaidi ni kwamba homa haina haraka. Huweza kujitokeza baada ya wiki moja, mbili au zaidi, wakati familia imekwisha kurudi chini ya Meru, mahali ambapo mtoto akichemka mwili kitu cha kwanza kufikiriwa ni mafua. Hapo uhai wa mtoto huweza kutegemea sentensi moja fupi ambayo mzazi apaswa kumwambia mganga kabla hajaulizwa: tulikuwa pwani. Ni maneno mawili tu. Aliyekwenda kuiona bahari kama picha husahau kuyasema, kwa kuwa picha haimwambukizi mtu ugonjwa.

Au chukua suala la jua. Siku ya mtalii hufunguka saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, juu ya kitanda cha mchangani. Siku ya mtu wa pwani imepangwa kinyume chake. Alfajiri ni ya bahari, adhuhuri ni ya kivuli na baraza, na baada ya alasiri ndipo watoto hutolewa kupunga upepo. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, huingia majini bamvua linapowaita hata jua likiwa kali, lakini hakuna hata mmoja anayeliita jua hilo pumziko. Wataalamu wa afya nao husema yaleyale kwa lugha yao: mtoto ambaye hajatimiza miezi sita kinga yake ni kivuli na nguo nyepesi inayomfunika, wala asitegemezewe mafuta ya kujikinga na jua, na katika joto lote hilo anyonye ziwa mara kwa mara, bila maji wala kingine chochote. Ratiba ya kijiji na ushauri wa daktari vimekutana. Aliyebaki nje ni yule aliyelipia adhuhuri.

Maarifa hayo yapo hatua hamsini kutoka kitandani kwa mgeni, ng'ambo ya ukuta, na bei yake ni hodi. Mwanamke mwenye mtoto mchanga akipita kijijini akamwambia mzee aliyekaa barazani, "Shikamoo, bibi," huitikiwa, "Marahaba, mwanangu. Nipe huyo, nawe ukae upumzike." Bibi humpokea mtoto, akamvua soksi na kofia ya sufu iliyotoka nayo Arusha, akataka kanga nyepesi, akauliza jina na ukoo, kisha akaanza kumbembeleza kwa sauti ya chini. Pumziko ambalo mama alilifuata kilomita mia kadhaa amelipata kwa salamu moja. Na mtoto, ambaye inadaiwa haoni wala hakumbuki, amelala kwa wimbo uliotungwa kwa ajili ya watoto wa upepo huu.

Isidhaniwe kwamba kila kitokacho kwa bibi ni dawa. Wapo watakaotaka kumwonjesha mtoto wa miezi mitatu maji au dafu. Kinywa hicho bado ni cha ziwa peke yake. Wapo watakaomtia wanja machoni, na baadhi ya wanja huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Mama anayejua atakataa, na atakataa kwa upole. Adabu haikuwa kamwe kukubali kila kitu. Adabu ni kukataa bila kudharau. Lakini ili mtu akatae kwa adabu, sharti kwanza awe amebisha hodi.

Hata hivyo kidole kisielekezwe Njiro peke yake. Ukuta haukujengwa na mtoto wa Arusha. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Atembeaye kando ya bahari na azihesabu kuta mwenyewe. Visiwani nako kuna fukwe ambazo kwa mdomo ni za watu wote na kwa miguu zimefungwa. Askari wa lango humwuliza mtoto wa kijiji anakwenda wapi, mahali ambapo babu yake alikuwa akivuta ngalawa. Ardhi hiyo haikuchukuliwa na jini. Iliuzwa na watu wenye majina, kwa watu wenye fedha, na wengine wakanyamaza ili wapate kazi ya kufagia mchanga. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni anakuja na mwenyeji anaondoshwa. Watoto wawili wa lugha moja hulala pande mbili za ukuta mmoja, na hakuna anayesikia kilio cha mwenziwe.

Na washairi je? Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi, kwa kuwa aliona mtoto hawezi kuachwa duniani bila maneno ya kumwongoza. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliwatungia wanawe tenzi za wasia, mmoja kwa wa kiume na mwingine kwa wa kike. Wakubwa wa fasihi ya pwani hawakuona haya kumweka mtoto katikati ya beti. Leo diwani ngapi zina mnazi, mbalamwezi na wimbi, wala hazina mtoto aliyelazwa chini ya chandarua? Mshairi anayeiimba pwani isiyo na watu anamfanyia kazi mwenye hoteli bila ujira. Nyimbo za kubembelezea watoto zimo vinywani mwa wanawake wazee, na kila mmoja wao anapozikwa huzikwa na zake. Wenye kalamu wanajua vina na mizani vya watu waliokufa karne mbili zilizopita, lakini wangapi wanaujua kwa ukamilifu wimbo uliowalaza wao wenyewe?

Basi safari na ziendelee. Mzazi wa Njiro na amlete mtoto wake, tena amlete mapema, maana bahari hii ni yake kama ilivyo ya mtoto wa Makunduchi. Atie chandarua chenye dawa katika begi kabla ya kamera. Akiweza, aache Disemba na joto lake, aje Juni au Julai kusi inapopoza pwani na Arusha inapotetemeka kwa baridi. Na akumbuke kwamba baada ya masika mbu huwa wengi, hivyo chandarua hakina msimu. Apande au ateremke na ndege mtoto akiwa ziwani, masikio yasimwume. Alale mahali ambapo mwenye nyumba ana watoto, au walau pasipo na ukuta baina yake na wenye watoto. Atoke alfajiri na jioni. Na akirudi nyumbani, mtoto akipata homa, siku hiyohiyo aende apimwe, na yale maneno mawili yatangulie.

Mtu wa visiwani naye ana deni lake. Njia ya ufukweni ifunguliwe, kwa sheria pale sheria ilipo na kwa madai ya wanakijiji pale ilipolala. Bibi aliye barazani aulizwe nyimbo zake, naye ajulishwe kwa heshima kuhusu maji, dafu na wanja. Atakayeandika kuhusu pwani aandike na waliomo.

Maji ya Themi hayalipii chumba. Hushuka kutoka Meru, yakachafuka njiani, yakapumzika bwawani, na mwisho yakaingia baharini mlangoni pa Pangani, ambako chumvi huyapokea bila kuyauliza yametoka kwa nani. Binadamu ana bahati kuliko maji, kwa sababu yeye huulizwa. Siku mzee wa pwani atakapomnyanyua mtoto yule na kuuliza, "Anaitwa nani huyu, mwanangu?" na mama akajibu, siku hiyo ndiyo itakayohesabiwa kuwa mtoto wa Njiro amefika pwani.