Dakika Tatu za Supa Modo

KUTOKA IVETI
Na Nduku Kilonzo

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa msusi wangu wa kule nyuma ya Marikiti, yule ambaye wasomaji wa safu hii mnajua hanyamazi hata akiwa na kitana mdomoni. Mama mmoja aliyemleta bintiye kusukwa matuta ya kurudi shule akauliza ni sinema gani nzuri ya kutazama na watoto Jumapili baada ya kanisa, isiyo na matusi wala bunduki. Nikamjibu bila kusita: Supa Modo. Ni ya hapa kwetu Kenya, ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina, na inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za kung fu na kutamani awe shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mtoto aliyekuwa kwenye kigoda, wa Gredi ya Nne, akageuza shingo kunisikiliza. Msusi akamrudisha kichwa kwa kiganja.

Sikupata nafasi ya kuendelea. Binti mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele alidakia kwa sauti ya juu, kama wanavyoongea wote walio chini ya mashine hiyo: "Hiyo nimeimaliza leo asubuhi nikiwa kwa matatu. Hakuna kitu. Ni mtoto mgonjwa tu, halafu..." Akasema mwisho wake. Akausema wote, mbele ya yule mtoto.

Nikamuuliza gari alipandia wapi.

"Kyumbi, anti."

Kutoka Kyumbi hadi mjini Machakos ni mwendo usiofika nusu saa, hata dereva akisimama kila penye mtu aliyeinua mkono. Supa Modo ni ya dakika 74. Nikamwomba anionyeshe alichotazama. Akanyoosha simu. Ilikuwa video ya dakika tatu: vipande vya picha vilivyokatwakatwa, na sauti ya kompyuta ikisimulia, msichana huyu ni mgonjwa, dada yake anapanga jambo, mama yake anakataa, mama yake anakubali. Jina la Jo halikutajwa hata mara moja. Jina la Wainaina je? Wala.

"Anti, si stori ni hiyo hiyo?" akaniuliza, na aliuliza kwa dhati kabisa. "Kuna haja gani ya kukaa saa nzima?"

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia yule mtoto wa matuta alipomtazama mamake na kumuuliza kama bado wataitazama. Mamake akamwambia watatafuta nyingine. Hapo ndipo hasira zilinipanda, na hadi ninapoandika hazijashuka. Mwisho wa sinema hiyo sitauandika hapa, kwa sababu ni haki ya yule mtoto kuufikia kwa miguu yake, na ni haki yako pia.

Mtu ana uhuru wa kuchukia sinema yoyote. Mimi mwenyewe zipo nilizozichukia na nikazisema humu kwa majina, na waliozitengeneza waliniandikia. Lakini hukumu hulipiwa kwa kukaa. Ukikaa mpaka majina ya watengenezaji yapande, sema utakalo, hata kwamba ni takataka, na nitakusikiliza. Usipokaa, huna maoni. Una habari tu, na tena umeipata kwa mtu usiyemjua.

Kwa sababu "stori" ya Supa Modo, ukiitoa kwenye filamu na kuianika peke yake, kweli ni fupi. Mtoto ni mgonjwa wa kutopona, anatolewa hospitalini arudishwe nyumbani, dada yake Mwix anamshawishi aamini kwamba ana nguvu za kishujaa, na kijiji kizima kinaingizwa katika siri hiyo. Ungeweza kuiandika nyuma ya risiti. Kinachokupata hakimo humo. Kimo katika uso wa Marrianne Nungo, anayeigiza mama. Mama huyo kazi yake ni ukunga, anawapokea watoto wa wenzake wakija duniani huku wake akimponyoka, na filamu haikusomei jambo hilo. Inakuacha umtazame akinyamaza. Kimo katika Stycie Waweru, mtoto aliyeigiza Jo, anavyosimama amejishika kiuno kama mwenye dunia. Kimo katika watu wazima wa kijijini, wenye mashamba na madeni yao, wanaokubali kuacha shughuli kwa ajili ya ndoto ya mtoto mmoja. Ile sauti ya kompyuta ilisema "kijiji kinamsaidia" kisha ikaruka. Maneno mawili! Na ndiyo filamu yenyewe.

Binti akajitetea, na utetezi wake ulikuwa wa maana, kwa hiyo nautaja. Alisema hata DJ Afro husimulia sinema, na mbona watu wazima tunampenda?

Tunampenda, ndiyo. Lakini DJ Afro hakukatii. Anaipanda filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, anamwaga Kiswahili chake juu ya Kihindi na Kichina, anawapa maadui majina ya mtaani, na wewe umekaa kwenye benchi la kibanda ukitoa jasho kwa muda ule ule ambao filamu inadai. Ndivyo alivyofanya Lufufu kule Tanzania. Ndivyo wanavyofanya mavijei wa Kampala, hata Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? kule Wakaliga sauti ya msimulizi ikawa sehemu ya sinema yenyewe. Supa Modo pia ina kibanda cha video na msimulizi wake, jambo ambalo binti wa mashine angelijua kama angelitazama. Wasimulizi hao waliongeza. Hawa wa dakika tatu wanapunguza mpaka inabaki maiti, kisha wanakuita uje uitambue.

Chanzo nakijua, na hakikuanza na simu. Kilianza darasani, siku tuliyokubali miongozo. Kizazi kizima cha Kenya kilifanya mtihani wa KCSE kuhusu Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kikiwa kimesoma kijitabu cha dhamira, wahusika na mbinu za lugha, na riwaya yenyewe ikabaki na harufu ya dukani. Wakaja wa Chozi la Heri, ikawa vile vile. Tuliwafundisha watoto kwamba kazi ya sanaa ni kitu cha kukamuliwa majibu kisha kutupwa, tukawapa alama kwa kufanya hivyo. Leo wamekuwa watu wazima, wana simu, na wanaendelea na mtihani.

Binamu yangu wa Kathiani ana ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Yeye hutazama kila kitu kwa mwendo wa kasi maradufu. Aliniambia kwa fahari kwamba Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile filamu ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, aliimaliza kabla chai haijapoa. Filamu hiyo ni Zanzibar ya miaka ya hamsini, ni Yasmin na Denge wakipendana chini ya mkono wa mkoloni, ni vichochoro na mvua na watu wanaoongea taratibu kwa sababu jambo wanalolisema linaweza kuwafunga. Aliwasikia wakiongea kama wanadi mbuzi sokoni Kathiani, kisha akaniambia mapenzi yao hayakumgusa. Yangemgusaje?

Nimelelewa tofauti, na sioni aibu kulisema. Kwetu kulikuwa na televisheni moja kwa vijiji vitatu, Great Wall ya nyeusi na nyeupe, nyumbani kwa mwalimu mkuu. Ilikula betri ya gari, na betri hiyo ilibebwa kwa toroli hadi sokoni ikachajiwe. Siku ya kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, watoto tulikaa chini kwenye saruji, wazee kwenye viti, na kijana mmoja alisimama nje gizani akizungusha mlingoti wa antena huku sisi tukimpigia kelele: hapo, hapo, umepitisha, rudisha! Wakati mwingine theluji ya kwenye kioo ilifunika nusu ya uso wa Mama Kayai na bado hakuna aliyebanduka. Betri ikizimika kabla ya mwisho, tulilala tukibishana jinsi Mzee Ojwang' angejinasua. Asubuhi njiani kwenda shuleni ubishi uliendelea, na kila mmoja alikuwa na la kusema kwa sababu kila mmoja alikuwa amekaa. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang', alipofariki Julai 2015, niliwaona watu wazima wakilia hapa mjini kana kwamba wamefiwa na mjomba. Machozi hayo yalitokana na miaka ya kukaa naye.

Nirudi saluni, kwa sababu mambo hayakuishia kwa Jo. Msusi wangu, akitaka kutupatanisha, akataja Country Queen. Akatokea mteja wa tatu, mwanamke wa rika langu, ambaye kwa haki nilimtarajia zaidi. Akasema hiyo aliiacha kwa sababu Kikamba chake si cha huku.

Masikio yangu yalisimama. Hilo ni jambo la kujadiliwa! Country Queen ilitoka Julai 2022, vipindi sita, mfululizo wa kwanza wa Kenya kuandikwa kuwa wa Netflix wenyewe. Melissa Kiplagat ni Akisa, anayerudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi Nairobi na kukuta kampuni ya dhahabu inaing'oa ardhi ya wazee wake. Wanaongea Kiswahili, Kiingereza, Sheng na Kikamba. Kikamba, kwenye skrini ambayo mtu wa Brazili anaweza kuifungua! Sisi ambao mito yetu imechotwa mchanga hadi miamba ikabaki meno nje, tunaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa. Na mtu wa Masaku na mtu wa Kitui wana haki ya kugombania matamshi usiku kucha. Nikageuka na nusu ya nywele zangu, nikamuuliza ni mhusika gani aliyekosea, na katika kipindi gani.

Hakuwa ametazama kipindi hata kimoja. Alitumiwa kipande na shemeji yake, cha sekunde kadhaa, kikiwa na maandishi ya kucheka.

Kwa hiyo huyu alikuwa na lalamiko zuri na akalipoteza. Angekaa vipindi vyote sita, angekuja na mifano, na waandishi wa mfululizo ujao wangelazimika kumsikia, pengine wamtafute bibi mmoja wa Mwala awasahihishie maneno. Mimi mwenyewe nina malalamiko yangu kuhusu Country Queen. Naona wale matajiri wa Nairobi wamepewa muda mwingi mno wa kusalitiana vyumbani, na wanakijiji wakaachwa nje ya mlango wa hadithi yao. Lakini nimeyapata nikiwa nimekaa nao, na mtu aliyeitazama anaweza kunipinga kwa ushahidi. Yule wa sekunde kadhaa naye alisema, na nikashindwa hata kumpinga, kwa maana hapakuwa na kitu cha kushika.

Na hii ni Machakos. Mnakumbuka. Alfred Mutua alipokuwa gavana, kuanzia 2013, tuliambiwa hapa patakuwa Machawood, mji wa filamu, na ahadi ilitoka kwa mtu aliyewahi kutengeneza Cobra Squad na Beba Beba, si mgeni wa kazi hiyo. Kila nikitaja jina hilo humu napokea barua za kuuliza kamera zilienda wapi, taa zilienda wapi, pesa zilienda wapi. Ulizeni, ni haki yenu. Mimi nauliza watazamaji wako wapi. Mji wa filamu unajengwa na watu wanaoketi kwa dakika 74, wakabishana njiani hadi nyumbani, wakarudi Jumamosi inayofuata na jirani. Hata tukipewa studio tano pale People's Park, zitawatengenezea nani, ikiwa filamu iliyokwenda Berlin na kuchaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar inamalizwa kati ya Kyumbi na stendi?

Nilipomaliziwa ncha kwa maji ya moto nilimpa yule mama jina la filamu kwenye karatasi, nikamsihi amwonyeshe mtoto hata hivyo. Hakuniahidi kitu.

Barua zenu za wiki hii nazijua kabla hazijafika. Wapo watakaosema Supa Modo inawaliza watu kwa nguvu, na wapo watakaosema Country Queen ilipotea njiani. Nileteeni, nitazisoma na nitazijibu papa hapa. Ila kila barua ianze kwa kunieleza kilichokuwa kikitendeka katika dakika ya hamsini. Asiyeweza, nafasi yake nitampa aliyekaa.