Visiwa vya Ssese na Mtoto Asiyekula Ngano

Familia za askari wa Makenke zipatapo siku moja ya mapumziko, Visiwa vya Ssese si mbali mno. Ondokeni alfajiri, mpitie Masaka hadi Bukakata, kisha mvuke Ziwa Victoria kwa kivuko mpaka Luku, kisiwani Bugala. Waonyesheni watoto msitu na fukwe. Waelezeni jinsi wakazi walivyohamishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya malale.

Lakini nyumba yenye mtoto mgonjwa wa siliaki huogopa safari. Gluteni iliyomo katika ngano na shayiri hudhuru utumbo wake, hata ikiwa kidogo sana. Hata hivyo, asiachwe nyumbani. Fungeni matoke, mihogo, viazi vitamu na karanga. Hivyo vyote kwa asili havina gluteni. Ngege au sangara wa kuchoma bila unga humfaa. Aliyekaangwa katika mafuta yaliyopikiwa mandazi asimguse. Ugali nao uulizieni: je, mashine iliyosaga mahindi husaga ngano pia? Kuuliza si utovu wa adabu, bali ni ulinzi wa mtoto.