Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: mbwa anayechelewa Nakivale

Kwa Mheshimiwa Inspekta Jenerali wa Polisi ya Uganda,
Makao Makuu, Naguru, Kampala.

YAH: GHARAMA ZA MBWA WA KUNUSA NA USALAMA WA MAKAZI YA WAKIMBIZI

Mheshimiwa,

Naandika kutoka Kashojwa, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho askari wako wanachozungumza nasi wakija huku, na kwa sababu nataka majirani zangu wasome ninachokuambia, wanipinge kama nimekosea.

Naomba jambo moja. Mtu akiibiwa au akiuawa, safari ya mbwa wa polisi hadi eneo la tukio ilipiwe na serikali kuanzia mafuta ya gari hadi chakula cha mbwa, na mlalamikaji asiguswe mfukoni. Malalamiko ya wananchi kudaiwa pesa ya mafuta ili mbwa aje yamesikika Uganda kwa miaka mingi, vijijini na mijini. Polisi wenyewe wametangaza mara nyingi kuwa huduma zao ni bure, na mimi naamini tangazo hilo lina nia njema. Lakini gari halitembei kwa tangazo. Fungu la mafuta likikatwa, kuna mtu atakayebeba pengo hilo, na huku kwetu mtu huyo ni mkimbizi.

Unaijua hali yetu. Makazi haya yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo tumo zaidi ya laki moja na nusu katika eneo la kilomita za mraba 185 hivi: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa Uganda kwenye mgao, kwa sababu wafadhili walikuwa wamefunga mkono. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa nalo likapunguza shughuli zake. Hilo linawagusa na polisi, kwa kuwa vituo na vyombo vya usafiri vya polisi katika makazi kama haya vimekuwa vikisaidiwa na pesa za wafadhili hao hao. Kwa hiyo tumekatwa mara mbili. Mama aliyepoteza mgao ndiye huyo huyo ambaye, mbuzi wake akiibiwa, hana cha kuchangia mafuta.

Nikueleze asubuhi ya wizi inavyokuwa Kashojwa. Mwenye nyumba anaamka anakuta kamba ya mbuzi imekatwa kwa kisu. Anapiga yowe. Kabla mwenyekiti wa wakimbizi hajavaa viatu, watu wameshajaa uani, watoto wanapita walipopita wezi, mwingine anaiokota kamba na kuipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aone ilivyokatwa. Dada wa nyumba, kwa mazoea tu, anachukua ufagio na kufagia mbele ya mlango. Wanaopiga simu wanaambiwa wasubiri. Jua linapanda, au mvua inashuka kutoka upande wa ziwa, na harufu ya mwizi inazidi kupotea. Mbwa akitoka Mbarara, gari litashuka lami ya kwenda Kikagati, kisha litaingia barabara ya vumbi hadi kwetu. Kila saa inayopita kabla gari halijawashwa inamharibia mbwa kazi.

Na watu hawasubiri kimya. Majina yanaanza kutajwa. Mtaa wa Warundi unawatazama Wakongo, Wakongo wanawatazama Wanyarwanda, wote wanawatazama vijana wa wenyeji wanaochunga ng'ombe ng'ambo ya mashamba, na wenyeji nao wanaturudishia macho hayo hayo. Wengi wetu tulikimbia nchi ambako mtu aliuawa kwa sababu tu alikuwa wa kabila moja na jirani aliyetuhumiwa. Tunajua tuhuma isiyo na ushahidi inaishia wapi. Ripoti zako za uhalifu za kila mwaka huhesabu kwa mamia watu wanaouawa na makundi yenye hasira nchini. Hawa ni watu waliokufa kabla mtu yeyote hajachunguza lolote.

Niliwahi kumwona mbwa aliyefika mapema. Mwongozaji alimfunga mkanda wa kifuani, akamnusisha kipande cha nguo kilichoachwa dirishani, akamwachia kamba ndefu. Mbwa alizunguka jiko mara moja, akapita katikati ya migomba, pua chini, bila kumtazama mtu, akafika barabarani pale boda boda zinapopakia abiria, akazunguka hapo, akakaa. Mwongozaji akasema, "Hapa amepanda." Hakukamatwa mtu asubuhi ile. Lakini familia tatu ambazo majina yao yalikuwa yameshaanza kunong'onwa zilirudi kupika chai. Mwizi alikuwa ametoka nje ya mtaa wetu, na kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya polisi iliyokamilika, hata kama haitaonekana katika hesabu ya waliofikishwa mahakamani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha zaidi ya mbwa asiyefika, nalo ni mbwa anayefika amechelewa. Mahakama za eneo letu zimelisema hili wazi. Tangu miaka ya 1950 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa tahadhari. Na hapa hapa Mbarara, katika shauri la mwaka 2012, Jaji Duncan Gaswaga wa Mahakama Kuu alipanga masharti: ujuzi wa mwongozaji uthibitishwe, mafunzo na sifa za mbwa zielezwe, eneo la tukio liwe limehifadhiwa, mbwa aletwe mapema, na mwongozaji aeleze alichokiona mbwa akikifanya, asijifanye kusoma mawazo ya mnyama. Linganisha masharti hayo na ule ua uliofagiwa. Mbwa anayeletwa siku ya pili, baada ya mafuta kuchangishwa, hatimizi sharti la kuletwa mapema wala lile la eneo kuhifadhiwa. Hakimu makini atautupa ushahidi wake. Kundi lililosimama nje, hata hivyo, halijui masharti ya jaji. Mbwa akipotea njia akaingia katika nyumba fulani, nyumba hiyo itachomwa kabla ya faili kufunguliwa. Fungu likikatwa nusu hatubaki na nusu ya huduma, tunabaki na hatari.

Tatizo hili si la Uganda peke yake. Uingereza ilipobana bajeti za polisi baada ya 2010, baadhi ya majeshi ya polisi yaliunganisha vikosi vyao vya mbwa. Bedfordshire, Cambridgeshire na Hertfordshire ni mfano mmoja. Lakini wao wana lami hadi mlangoni. Kwetu, kuongeza umbali kati ya mbwa na tukio ni sawa na kukifuta kikosi.

Ninajua kwamba Kampala ina mahitaji makubwa. Baada ya mabomu ya Julai 2010 na yale ya Novemba 2021, hakuna mwenye akili atakayebisha kwamba mbwa wa kunusa baruti wanahitajika katika jiji kuu. Siombi mbwa hao. Naomba timu moja ya kufuatilia nyayo, yaani mbwa na mwongozaji wake, ikae karibu na Nakivale, Isingiro kwenyewe, pamoja na fungu la mafuta lililoandikwa kwa jina lake ambalo haliruhusiwi kuhamishiwa kazi nyingine. Fungu hilo libandikwe ukutani kituoni ili mwananchi alisome. Na mbwa asipoweza kufika siku ile ile, polisi waseme hivyo wazi na watumie njia nyingine za upelelezi, badala ya kumleta ili watu waone tu kwamba amekuja.

Kuna jambo dogo ambalo wapangaji wa bajeti hawatalifikiria wasipoambiwa. Mtaa wa pili kutoka kwangu ni wa Wasomali. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa kuingia chumba cha kuswalia ni msiba wa nyumba nzima. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inawataja mbwa waliofunzwa kuwinda na kuhalalisha wanachokamata, kwa hiyo masheikh wetu si watu wa kupinga kazi hii. Mwongozaji anayebisha hodi, akaomba mikeka iondolewe kwanza na vyombo vifunikwe, atapokewa vizuri. Kumfundisha adabu hiyo hakugharimu kitu.

Nasi tuna wajibu wetu. Viongozi wa wakimbizi na wenyeviti wa vijiji wafundishwe, hata kwa nusu siku, kufunga eneo la tukio: kamba iachwe ilipo, ufagio usiguswe, watu wasimame mbali. Niko tayari kuitisha mkutano huo hapa Kashojwa na kutafsiri mafunzo hayo.

Mheshimiwa, Ibara ya 212 ya Katiba ya Uganda inalipa jeshi lako kazi ya kulinda maisha na mali. Haikusema maisha ya raia peke yake, wala mali ya mwenye uwezo wa kununua mafuta. Bajeti ya taifa husomwa kila Juni. Tunaomba, kabla ya ile ijayo kusomwa, fungu la mbwa wa polisi wa Isingiro liwe limeandikwa, na utujibu hadharani kama nilivyokuandikia hadharani.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kashojwa, Nakivale