Mbio za megapikseli na mpiga picha wa Mlola

USHINDANI wa kampuni za kamera za dijitali mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliendeshwa kwa namba moja, ile iliyochapwa kwa wino mkubwa juu ya boksi: megapikseli. Kamera ya mbili ilifuatwa na ya tatu, ya tatu ikafuatwa na ya tano, na mnunuzi akaaminishwa kwamba penye namba kubwa ndipo penye picha nzuri. Kwa mpiga picha anayetafuta riziki Mlola, wilayani Lushoto, namba hiyo haikueleza mengi.

Kazi ya mpiga picha wa kijijini inajulikana: harusi, ubatizo, maulidi, mahafali ya shule na picha za paspoti. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji megapikseli 2 hivi ili ionekane safi. Ya paspoti huhitaji chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo, kamera za mwaka 2001 zilikwisha kumtosheleza mteja wa milimani, na sehemu kubwa ya mbio zilizofuata ilihusu kitu ambacho mteja huyo asingekiona.

Alichokiona ni kingine. Milima ya Usambara ina ukungu, na mwanzoni mwa muongo ule vijiji vyake vingi havikuwa na umeme wa gridi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi Oktoba 2007. Penye mwanga hafifu, ubora wa picha hutegemea zaidi lenzi na ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Filamu ya milimita 35 ina eneo la milimita za mraba 864 kwa kila picha. Kihisi cha kamera nyingi ndogo za wakati ule kilikuwa na takriban 25 tu. Kukigawa kihisi hicho vipande milioni 8 badala ya milioni 4 ni kama kugawa shamba lile lile la nusu eka kwa watoto wanane badala ya wanne: warithi wameongezeka, ardhi haijaongezeka. Kila pikseli ilipata mwanga kidogo zaidi, na bi harusi aliyepigwa picha ndani ya nyumba akatoka na chenga za rangi, hasa penye kivuli.

Watengenezaji walilijua hilo. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7 tu, ikauzwa kwa zaidi ya dola 5,000, na bado wapiga picha wa magazeti waliinunua, kwa kuwa kihisi chake kilikuwa kikubwa. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D yenye megapikseli 6.3 na kihisi kikubwa mara 13 ya vile vidogo, kwa dola 899 bila lenzi. Lilikuwa tukio kubwa katika biashara hiyo duniani, lakini bei hiyo ilikaribia shilingi milioni moja za wakati ule. Ubora ulikuwepo sokoni, ila si kwa mfuko wa Mlola.

Ungamo la wazi zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 2008 Canon ilitoa PowerShot G10 ya megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata ikatoa G11 yenye kihisi cha ukubwa ule ule, lakini ya megapikseli 10. Kampuni iliyokuwa mstari wa mbele katika mbio ilirudi nyuma kwa hiari yake, ili kupunguza chenga.

Haki itendeke: dijitali ilileta nafuu. Mpiga picha hakulazimika tena kumaliza mkanda wa picha 36, kuupeleka mjini kusafishwa, kisha kugundua kwamba mzee wa shughuli alifumba macho. Kosa lilionekana papo hapo.

Hata hivyo washindi wa vita hiyo hawakudumu. AgfaPhoto ilifilisika mwaka 2005, Konica Minolta ikajitoa katika kamera mwaka 2006, na Kodak, ambayo mhandisi wake Steve Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Kisha zamu ikawa ya kamera zenyewe. Zaidi ya milioni 120 zilisafirishwa kwenda madukani duniani mwaka 2010. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ilizimeza, na mteja akageuka mpiga picha wa nafsi yake.

Hasara isiyotajwa sana ni ya kumbukumbu. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliacha picha za enzi ya masultani zinazotazamika kwa macho bila mashine yoyote. Picha nyingi za harusi za mwaka 2004 zimo ndani ya kadi. Olympus na Fujifilm zilileta kadi ya xD mwaka 2002, Sony ikang'ang'ania Memory Stick yake, kila mmoja akitaka kumfunga mteja kwake. Aina zote mbili zimeachwa. Mwenye kadi ya namna hiyo kabatini afadhali atafute kisomeo chake na kuihamisha sasa, kabla vilivyobaki madukani havijaisha.