Vibao vya Maduka Visifunike Mji

Kwa muda mrefu sasa yamekuwapo manung'uniko juu ya vibao vya biashara katika miji yetu ya Kanda ya Ziwa. Wenye maduka wananung'unikia ushuru. Wageni wananung'unika kwamba wanazungukazunguka mtaani wakitafuta duka la dawa, huku wamezungukwa na maandishi pande zote. Na wazee waliokulia katika miji hii wanasema hawaitambui tena mitaa ambako walinunuliwa sare zao za shule. Sisi tunaona kwamba manung'uniko haya matatu chanzo chake ni kimoja: hatujaamua bado kibao ni cha nani, na ukuta ni wa nani.

Tuanze na Shinyanga. Mji huu si wa kale kama Kilwa au Bagamoyo, wala hatudai hivyo. Sehemu yake kongwe ya biashara ni mtoto wa reli na pamba. Njia ya reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na miji iliyo njiani ikavuta wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi na Kiarabu, waliojenga maduka yenye kuta nene, baraza mbele, na makazi ya familia nyuma. John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilipopata nguvu katika miaka ya 1950, fedha ziliongezeka na maduka nayo yakaongezeka. Katika majengo ya namna hii, mara nyingi jina la mwenye duka halikubandikwa. Lilifinyangwa kwa saruji juu ya baraza, pamoja na mwaka wa ujenzi, likapakwa chokaa. Kibao kilikuwa sehemu ya nyumba.

Leo ukisimama mbele ya duka kama hilo, saruji huioni. Unaona rangi ya kampuni ya simu tangu msingi hadi paa, turubai la plastiki la soda lililotanda juu ya baraza, na kibao cha wakala wa fedha kwenye kila nguzo. Jina la mwenye duka, kama lipo, limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, mithili ya mpangaji anayeomba radhi kwa kuwapo.

Ni rahisi kumlaumu mwenye duka, lakini lawama hiyo haimstahili. Yeye hana fedha za kupaka ukuta rangi kila mwaka, na hapo kampuni inamjia na makopo ya rangi na mafundi wake, haimdai senti. Ni nani angekataa? Mvua za Shinyanga si nyingi, lakini vumbi lake halina msamaha, na ukuta usiopakwa rangi huchakaa upesi. Kwa hiyo kanuni yoyote itakayosema tu "ni marufuku", bila kueleza ukuta ule utapakwa na nani, itatuachia kuta zilizobanduka.

Je, sheria zipo? Zipo, tena si haba, ila kila moja inatazama upande wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja yale yaliyojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940. Duka la enzi ya pamba halimo, mpaka litangazwe rasmi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa mamlaka za upangaji nafasi ya kulinda majengo yenye umuhimu wa kihistoria au wa usanifu, lakini nafasi hiyo hutumika kwa nadra katika miji ya bara. Sheria ya Barabara ya mwaka huohuo imetenga meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, na ndani ya eneo hilo neno ni la TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Na ushuru wa mabango, ambao ulikuwa wa halmashauri, mwaka huo wa 2017 ulihamishiwa TRA, kisha ukarudishwa tena kwa halmashauri.

Mwananchi anayetaka kuandika jina lake juu ya mlango wake afuate njia ipi kati ya hizo? Tumepata kumsikiliza mwenye duka mmoja, katika mji ambao hatutautaja, aliyetakiwa kulipia kibao cha mbao alichoandikiwa na fundi wa mtaani, kwa kipimo kilekile cha ukubwa kinachotumika kwa bango la kampuni. Alikiondoa. Sasa ukuta wake una tangazo la kampuni, na kampuni ndiyo inayolipa. Ushuru umepatikana, jina limepotea, na fundi wa kuandika vibao amekosa kazi. (Mafundi hawa, tuseme kwa kupita, ni wasanii. Wapo wanaoweza kuandika herufi zilizonyooka kwa brashi bila rula, na ni aibu kwamba tunawaua kwa turubai zilizochapwa mijini.)

Ndugu zetu wa Unguja wametutangulia katika jambo hili. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko mwenye nyumba habadili sura ya jengo bila kibali, na hilo limeokoa mengi. Lakini kibali peke yake hakishikilii ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote mjini humo, iliporomoka. Sisi wa bara tukichukua kanuni za Unguja tuchukue na funzo hilo: sura ya nje hulindwa na matengenezo, na matengenezo yanataka fedha.

Fedha hizo zipo, nazo ni ushuru wenyewe wa mabango. Tunapendekeza kwamba jina la mwenye duka na aina ya biashara yake, likiandikwa ukutani au kwenye ubao wa kiasi usiopita upana wa mlango, lisitozwe chochote katika mitaa ya maduka ya zamani. Tangazo la bidhaa ya mtu mwingine litozwe kwa ukamilifu, na lisipakwe wala kutundikwa juu ya uso wa jengo la zamani hata kama mwenyewe ameridhia. Mabango hayo yatafutiwe mahali pengine. Sehemu ya mapato yake itumike kununua chokaa na rangi kwa ajili ya kuta zilezile zilizoachwa wazi. Maombi yote yapokelewe kwenye dawati moja la halmashauri, nalo ndilo liwasiliane na TANROADS na TARURA. Mwananchi asiwe tarishi baina ya ofisi za Serikali.

Wapo watakaotuuliza, je, katika mikoa yenye upungufu wa maji na madawati, ndiyo mnazungumza habari za rangi? Tunawajibu kwamba ushuru unatozwa tayari, na anayeumia tayari ni mwenye duka dogo. Tunachoomba ni kwamba mzigo uhamie kwenye bega linalouweza.

Geita habari ni tofauti kidogo. Mgodi wa zamani wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966, na mji ulikaa kimya mpaka mgodi mkubwa ulipoanza uzalishaji mwaka 2000. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012, na soko la dhahabu likafunguliwa mwaka 2019. Mji umekua kwa haraka ya dhahabu, na vibao vyake vina haraka hiyohiyo: nyumba ya wageni, mzani, vipuri vya krasha, kila kimoja kikimziba mwenzake. Hapo huenda hakuna mtaa mkongwe wa kulinda kama wa Shinyanga. Lakini mitaa itakayoitwa mikongwe na wajukuu zetu ndiyo inayojengwa leo, na ni rahisi zaidi kuweka kanuni kabla ya msumari wa kwanza kuliko kung'oa bango la mia.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani jambo hili lisionekane la mbali. Mtu wa Kome anayevuka hadi Nyakaliro, au mtu wa Ukerewe anayevuka kutoka Rugezi hadi Kisorya na kuendelea mjini na mgonjwa wake, anahitaji kuona neno "Hospitali" na neno "Dawa" kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, mahali pasipofunikwa na tangazo la bia. Na Nansio, mji wa maduka wenye wakala wa simu kila kona, una halmashauri yenye uwezo uleule wa kutunga sheria ndogo. Haina haja ya kungoja bara.

Kwa maofisa tuna neno moja zaidi. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo sababu katika miji mingi ya Tanzania sehemu ya maduka ya zamani katikati ya mji ni mali ya umma. Hapo hahitajiki mwenye nyumba wa kubembelezwa wala sheria mpya ya kungojewa. Masharti ya upangaji yanatosha. Shirika na lianze na nyumba zake za Shinyanga, lizipige picha zilivyo sasa, liondoe turubai, na lipake chokaa kabla ya mvua za Novemba.