Injini Yataka Kipimo, Haitaki Kelele

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ndivyo ilivyo injini ya pikipiki. Kuifungua, hata mtoto mdogo ataweza akipewa spana. Kuifunga ikanguruma sawasawa ndiyo ngoma yenyewe. Hata hivyo, mimi nashikilia kuwa kazi hii yaweza kufanyika nyumbani, tena kwa pesa kidogo, mradi mtu atangulize kipimo kabla ya kununua chochote.

Pengine utauliza, haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi? Yanatuhusu sana! Bodaboda ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, na serikali ilipolegeza ushuru wa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zikajaa hadi vijijini. Leo wapo wengi humu shuleni ambao karo yao hutoka kwenye kiti cha pikipiki. Mimi ni mmoja wao. Mjomba wangu ndiye anayenilipia, na injini yake ikizimika, mimi ndiye ninayetumwa nyumbani. Si utani.

Likizo ya Agosti iliyopita pikipiki hiyo ilianza kutoa moshi wa buluu na kushindwa na vilima. Fundi mmoja aliiangalia kwa dakika mbili tu, akasema eti kila kitu cha juu kimekwisha: pistoni, ringi, silinda, hata valvu. Bei aliyotaja ilikuwa karo ya muhula mzima. Nikamwambia, "Mjomba, kabla hujatoa hata shilingi, tupime."

Kipimo cha kwanza hakikutugharimu kitu. Tulifungua plagi, tukamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, kisha tukapiga kiki. Kiki ambayo awali ilikuwa nyepesi ikawa nzito ghafla. Maana yake ni hii: oili iliziba mwanya uliokuwa kati ya ringi na silinda, kwa hiyo ugonjwa uko hapo. Lau kiki ingebaki nyepesi, tungeshuku valvu. Basi kwa kijiko kimoja cha oili tulijua pa kuanzia.

Tulifungua injini nje, mbali na jiko, kwa maana petroli haina urafiki na moto. Kila skrubu iliwekwa kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kufunguliwa. Kisha tukaazima vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya ambavyo mafundi huviita fila. Tulinunua ringi mpya, tukaisukuma moja ndani ya silinda na kupima nafasi iliyobaki baina ya ncha zake. Ilikuwa ndani ya kiwango kilichoandikwa kitabuni. Kumbe silinda ilikuwa nzima! Tuliipiga msasa laini kwa mshazari ili ringi mpya zishike, tukaiosha kwa maji moto na sabuni. Valvu tulizisaga kwa dawa yake, tukazijaribu kwa kumimina mafuta ya taa, hayakuvuja. Tulichonunua ni ringi, gasketi na oili basi.

Silinda ingekuwa imelika, hapo ingebidi iende kwa fundi wa mashine ya kukereza, na sioni aibu kusema hivyo. Pistoni kubwa zaidi huuzwa kwa hatua za robo milimita, na mwenye hekima humpelekea fundi silinda pamoja na pistoni yenyewe ili akereze kulingana nayo. Sisemi mafundi wasipewe kazi. Nasema tuwapelekee kazi tunayoijua.

Sasa nije kwenye kutyuni, jambo linaloniudhi kweli kweli. Vijana wengi hudhani kutyuni ni kutoboa sailensa, kutupa kichungi cha hewa na kupanua jeti ya kabureta kwa sindano. Pikipiki inapiga kelele kijiji kizima, nao wanafurahi eti ina nguvu. Jamani! Vumbi la barabara zetu za murami likiingia ndani bila kichungi, linafanya kazi ya msasa usiku na mchana. Ringi za leo zitakuwa takataka kabla ya mwaka kwisha.

Kutyuni kwa kweli ni kuirudisha injini kwenye vipimo vyake. Chukua Honda CG125, ambayo injini zake zimeigwa sana na pikipiki zilizojaa kwetu. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Piga hesabu uliyofundishwa na mwalimu wa Hisabati, utapata ujazo wa sentimita 124. Mwanya wa valvu zake ni milimita 0.08, tena hupimwa injini ikiwa baridi. Huo ni unene unaokaribia wa unywele. Je, kelele itakupimia unywele?

Plagi nayo inasema. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inaungua. Rangi ya kahawia ndiyo afya. Ndiyo maana kabureta iliyowekwa sawa Mombasa huweza kunywa petroli kupita kiasi ikifika Eldoret, ambako hewa ni nyepesi zaidi kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Jografia nayo imo ndani ya injini!

Wapo watakaonitajia Burt Munro wa Invercargill, New Zealand. Mzee huyo alichukua Indian Scout ya mwaka wa 1920, akaifungua na kuifunga nyumbani kwa miaka mingi. Mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliikimbiza zaidi ya kilomita 290 kwa saa. Ni kweli, lakini alikimbia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, wala hakubeba mama na mtoto mgongoni. Tena hakufika pale kwa kelele. Alimimina pistoni zake mwenyewe kwa makopo, na yasemekana chombo chake cha kupimia alikitengeneza kwa spoki kuukuu. Huyo naye alikuwa mtu wa kipimo.

Kuna wenzetu wanaosema kushika oili ni kazi ya waliofeli. Nawauliza: aliyefeli atasomaje sehemu nane za mia moja za milimita? Kazi hii yataka Fizikia, Hisabati na subira, vitu ambavyo sisi tunavyo au tunapaswa kuwa navyo.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Tupewe Jumamosi moja kila mwezi na injini moja mbovu, pamoja na seti moja ya fila ambayo mwanafunzi ataweza kuiazima likizoni. Mjomba wangu alirudi barabarani baada ya siku nne, nami nikafungua muhula na wenzangu nikiwa na karo mkononi. Wako wanafunzi ambao muhula huo hawakurudi. Huenda kwao ilikosekana fila tu.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu