Fedha zikipungua kwenye mashine, nani anafungua kumbukumbu?

Wakala wa fedha za simu akifunga hesabu jioni na kukuta upungufu, swali la kwanza analoulizwa ni hili: umezipeleka wapi? Ni mara chache mtu huuliza kama mfumo wenyewe umekosea.

Nchini Uingereza, swali hilo la upande mmoja liliwapeleka mahakamani mawakala wa posta kwa miaka mingi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa kutegemea hesabu za kompyuta ambazo baadaye zilibainika kuwa haziaminiki. Julai 2025 tume ya uchunguzi inayoongozwa na jaji mstaafu Wyn Williams ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake. Ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na mkasa huo.

Tunaueleza hapa kwa sababu kazi ya watu wale inafanana sana na kazi ya wakala wa kijijini kwako.

Duka lenye posta ndani

Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilifunga katika matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi huendeshwa na mawakala. Mtu ana duka lake, na ndani yake kuna dirisha la posta ambapo watu hununua stempu, hulipa bili na kuchukua pensheni.

Mfumo ulipoonyesha upungufu, Posta ilimdai wakala aufidie kwa fedha zake. Wengine walilipa kwa akiba ya uzeeni, wengine walifilisika, wengine walifungwa jela. Wengi wao wameeleza kwamba walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao tu wenye tatizo hilo. Kila mmoja akabaki akijiona yuko peke yake, na jirani zake wakimwita mwizi.

Mahakamani pia mzigo ulikuwa mkubwa. Kuanzia mwaka 2000 sheria ya Uingereza iliacha kumtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilifanya kazi sawasawa. Ilichukuliwa kuwa ni nzima mpaka mtu aonyeshe kinyume chake. Lakini mwenye duka angeonyesha vipi, wakati kumbukumbu za mfumo zilikuwa mikononi mwa Posta na Fujitsu?

Mfuko mmoja, mara nne

Jibu tunalipata katika tukio la Oktoba 2015, kwenye tawi la Dalmellington huko Scotland. Wakala alikuwa anaingiza kwenye mfumo pauni 8,000 zilizohamishiwa tawi dogo la jirani. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, na tena, kama yeyote kati yetu anavyofanya simu ikikwama. Mfumo ulihesabu kila mbonyezo kuwa ni fedha mpya. Kwenye vitabu zikasomeka pauni 32,000 badala ya 8,000, na upungufu wa pauni 24,000 ukatokea hewani.

Ukiangalia salio la tawi peke yake, ungesema fedha zimeibwa. Mafundi waliangalia kitu kingine. Kila mfuko wa fedha unaohamishwa una namba yake. Walipochukua kumbukumbu za miaka mitano ya matawi na kutafuta namba zilizojirudia, walipata matukio 112 ambapo mfuko uleule ulionekana kupokelewa zaidi ya mara moja. Matukio hayo yalianzia mwaka 2010. Mfuko mmoja hauwezi kupokelewa mara nne, kwa hiyo kosa lilikuwa la mfumo.

Taarifa zote hizo zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzikusanya mahali pamoja na kuziuliza swali sahihi.

Mafundi hutafutaje tatizo

Mifumo mikubwa ya siku hizi ina mashine za uangalizi zinazoandika mambo mfululizo: muamala umeingia saa ngapi, umechukua sekunde ngapi, umejibiwa au umekwama. Mnara wa simu una kumbukumbu zake, mfumo wa fedha una zake, benki ina zake. Tatizo likitokea, fundi huchukua kumbukumbu kutoka sehemu hizo zote na kuziingiza kwenye programu moja inayozipanga kando kwa kando.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mchele sokoni. Mteja anamtumia shilingi 50,000. Simu ya mteja inasema asubiri, anarudia, kisha anakuta amekatwa mara mbili, na mama amepokea mara moja. Mnara utaonyesha maombi mawili yalipita. Mfumo wa fedha utaonyesha yote mawili yalikubaliwa, lakini la pili halikufika kwa mpokeaji. Hapo fundi anajua mahali pa kutafuta. Angekuwa na kumbukumbu za mnara peke yake, angesema mtandao ulikuwa mzuri na mteja ndiye aliyekosea.

Ili ulinganisho huo ufae, mambo matatu yanahitajika. La kwanza ni namba ya muamala, kwa sababu ndiyo inayounganisha kumbukumbu za sehemu zote. La pili ni kuangalia watu wengi kwa pamoja, maana lalamiko moja linaweza kuonekana uzembe wa mtu, lakini malalamiko 112 yanayofanana ni ugonjwa wa mfumo.

La tatu ni saa, na hapa sisi tunaosema Kiswahili tuwe makini zaidi. Ukisema ulituma saa nne asubuhi, simu yako iliandika 10:00. Mashine nyingi hutunza kumbukumbu kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo huko imeandikwa 07:00. Fundi akitafuta saa nne kama ulivyotamka, hatauona muamala wako.

Nani ana ufunguo

Huko Uingereza, mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates, aliyewahi kuendesha tawi la posta Wales, waliishtaki Posta. Nguvu yao kubwa ilitoka kwenye orodha ya ndani ya Fujitsu ya hitilafu zilizojulikana, orodha ambayo mwanzoni Posta ilipinga kuitoa. Tarehe 16 Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu. Aliamua pia kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali na kuzibadilisha bila wakala kujua. Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Hatusemi kwamba mifumo ya fedha za simu ya kwetu ina kasoro kama za Horizon. Wala hatusemi kila upungufu ni kosa la mashine. Wapo mawakala wanaoiba, wapo matapeli, na kumbukumbu hizohizo zinaweza kumnasa mwizi. Ndiyo maana wakala mwaminifu hana sababu ya kuziogopa.

Tunachosema ni kwamba mtu asikatwe fedha, asinyang'anywe kazi wala kupelekwa polisi kabla kumbukumbu za muamala wake hazijafunguliwa naye akiwepo. Kampuni zinaweza kujibu kwamba ndani ya kumbukumbu mna siri za wateja wengine. Ni kweli, na siri hizo zilindwe. Lakini mistari inayohusu muamala wako inaweza kutolewa bila kugusa ya mwingine. Kukiwa na kampuni mbili au benki katikati, awepo mdhibiti mwenye uwezo wa kuchukua kumbukumbu za pande zote na kuzilinganisha, kwa sababu kila upande ukijichunguza peke yake hukosi kusikia kwamba kosa ni la mwenzake.

Unachoweza kufanya leo

Muamala ukikwama, usibonyeze tena mpaka uangalie salio. Tunza ujumbe wenye namba ya muamala, usiufute. Andika tarehe na saa kama inavyosomeka kwenye simu. Wakala aandike kila kitu kwenye daftari, hata siku ambayo mtandao ulikatika na muda uliokatika.

Ukipeleka malalamiko, anza kwa kampuni yenyewe na uulize maswali matatu: muamala huu ulifika mashine gani ya mwisho, ulijibiwa nini, na je, kuna wengine waliopata tatizo kama hili siku hiyo? Omba namba ya lalamiko lako. Usiporidhika, mwandikie mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, au benki kuu ya nchi yako kwa mambo ya fedha.

Na ukisikia wakala mwenzako ana upungufu usioeleweka, linganisheni madaftari kabla ya kulinganisha tabia. Mawakala wa Uingereza waliteseka kwa miaka mingi kila mmoja dukani kwake, na mambo yalianza kubadilika walipokutana na kugundua kwamba hadithi zao zinafanana.